Haibridi ya kawaida haichajiwi popote: hivi ndivyo inavyobana mafuta na kuongeza nguvu

Swali la kwanza ambalo wanunuzi wengi huuliza wakisimama mbele ya Toyota Aqua kwenye yadi, iwe Dar es Salaam au Mombasa, ni hili: gari hili linachajiwa wapi? Jibu ni kwamba halichajiwi popote. Halina mahali pa kuchomeka waya, halitegemei umeme wa nyumbani, na nguvu yote inayolisukuma imetoka kwenye tanki la petroli. Hata umeme uliomo kwenye betri yake kubwa umezalishwa na gari lenyewe, kwa mafuta yaleyale uliyojaza sheli.

Hapo linazaliwa swali zito zaidi. Ikiwa nishati yote ni ya petroli, na gari limebebeshwa mzigo wa ziada wa betri, mota mbili na nyaya nene, linawezaje kutumia mafuta kidogo kuliko Toyota Vitz isiyobeba vyote hivyo? Na linawezaje kuchomoka kwenye taa za barabarani kama gari lenye injini kubwa zaidi?

Haibridi haina petroli ya miujiza. Inafanya mambo mawili ambayo gari la kawaida haliyawezi. Kwanza, inaiondolea injini kazi ambazo injini ya petroli huzifanya vibaya. Pili, inaokota nishati ambayo magari mengine huitupa kila yanapofunga breki. Mnunuzi akiyaelewa hayo mawili atajua kama gari hili linamfaa, atajua la kukagua kabla ya kulipa, na hatababaishwa na maneno ya kijiweni.

Petroli inapopotelea

Idara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba katika gari la kawaida la petroli ni kati ya asilimia 12 na 30 tu ya nishati ya mafuta inayoishia kulisogeza gari barabarani. Sehemu kubwa ya iliyobaki hutoka kama joto kupitia rejeta na ekzosi, na nyingine humezwa na msuguano ndani ya injini na gia boksi.

Injini ya petroli ina tabia zake. Ikipewa kazi ya kutosha, ikiwa kwenye mizunguko ya wastani, hutumia vizuri kila tone. Ikipewa kazi ndogo, hupoteza nguvu nyingi kuvuta hewa kupitia mlango uliokaribia kufungwa, na kwa kazi ileile hula mafuta mengi zaidi. Sasa fikiria foleni ya Mwenge jijini Dar es Salaam saa kumi na moja jioni, au Barabara ya Mombasa jijini Nairobi mvua inaponyesha. Injini ndogo inayonguruma bila gari kusogea huchoma kati ya nusu lita na lita moja kwa saa, na kiyoyozi kikiwashwa hali huwa mbaya zaidi. Gari limesimama, mafuta yanaondoka.

Kisha kuna breki. Gari la kilo 1,300 likiwa kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa limebeba nishati ya takriban kilojuli 180. Dereva akifunga breki mpaka likasimama, nishati hiyo yote hugeuka joto kwenye diski na pedi, ikapeperuka. Ili kuurudisha mwendo ule, injini inayotumia vizuri robo ya mafuta yake italazimika kuchoma mililita 22 hivi za petroli, yaani zaidi kidogo ya vijiko vinne vya chai. Kwa mara moja si kitu. Lakini anayesimama na kuondoka hivyo mara 50 kwa siku huwa amechoma zaidi ya lita nzima kununua upya mwendo aliokwisha kuulipia.

Haibridi imeundwa kuziba matundu hayo mawili. Gari likisimama, injini huzimika. Kwenye haibridi za Toyota kama Aqua na Prius hata kompresa ya kiyoyozi huzungushwa kwa umeme, hivyo abiria huendelea kupata baridi huku injini imenyamaza, na injini huwaka tu pale betri inapohitaji kuongezwa. Dereva akianza kukanyaga breki, mota inayozungusha matairi hugeuka jenereta: matairi huizungusha yenyewe, nayo huzalisha umeme unaorudi kwenye betri, na kazi hiyo ya kuzalisha ndiyo inayolipunguza gari mwendo. Breki za kawaida hushika mwishoni, gari linapokaribia kusimama, au dereva anapokanyaga kwa nguvu. Si nishati yote inayookolewa, kwa sababu kila hatua ina upotevu wake, lakini kinachorudi kinatosha kuondokea safari nyingine. Ndiyo maana pedi za breki za haibridi hudumu muda mrefu kuliko wengi walivyozoea.

Betri, basi, ni kibubu tu. Haizalishi kitu, huhifadhi kilichookolewa mpaka kitakapohitajika.

Agizo lililoonekana haliwezekani

Wazo la kuunganisha petroli na umeme si geni. Mwaka 1900 Ferdinand Porsche alikwisha kuunda gari ambalo injini zake za petroli zilizalisha umeme wa kuendesha mota zilizofungwa ndani ya magurudumu. Lakini betri za zama zile zilikuwa nzito mno, na petroli ilikuwa rahisi. Wazo likalala kwa miongo mingi.

Lililoliamsha lilikuwa agizo gumu. Katika miaka ya mwanzo ya 1990, Toyota ilimkabidhi mhandisi Takeshi Uchiyamada mradi wa gari la karne ya 21, ulioitwa G21. Timu yake ilipanga kupunguza ulaji wa mafuta ili gari liende mara moja na nusu ya umbali uliozoeleka kwa lita moja. Wakubwa wake wakakataa: wakataka umbali huo uwe maradufu. Hakuna ukarabati wa injini ya kawaida ambao ungefikia hapo. Njia iliyobaki ilikuwa haibridi, na gari la kwanza la majaribio, mwishoni mwa mwaka 1995, liligoma kutembea kwa wiki kadhaa kabla ya kusogea mita mia chache tu.

Miaka miwili baadaye, Desemba 1997, Prius iliingia sokoni Japani. Kwa vipimo vya Kijapani vya wakati huo ilitajwa kwenda kilomita 28 kwa lita. Kufikia mapema mwaka 2017, Toyota ilikuwa imeuza zaidi ya magari milioni 10 ya haibridi duniani, na baadhi yake, yakiwa mitumba, ndiyo tunayokutana nayo leo kwenye bandari zetu.

Jua, sayari na mota mbili

Ukifungua kile kinachoonekana kama gia boksi ya Prius, hukuti klachi wala gia za kupanda na kushuka. Unakuta seti ya gia za sayari. Katikati kuna gia ndogo iitwayo jua. Inazungukwa na gia kadhaa zilizoshikwa na fremu moja, na zote zimezingirwa na gia kubwa ya nje yenye meno kwa ndani. Injini imefungwa kwenye fremu. Mota ya kwanza imefungwa kwenye jua. Mota ya pili na matairi viko upande wa gia ya nje.

Katika Prius za mwanzo, jua lina meno 30 na gia ya nje meno 78, na uwiano huo ndio unaoamua mgawo wa kazi. Karibu asilimia 72 ya msukumo wa injini huenda moja kwa moja kwenye matairi, na asilimia 28 huenda kwa mota ya kwanza, ambayo huugeuza umeme. Umeme huo ama huenda kwenye betri, ama hupelekwa papo hapo kwa mota ya pili kusaidia kusukuma.

Uzuri wa mpangilio huu ni kwamba kompyuta ikibadilisha kasi ya mota ya kwanza, inaweza kuiacha injini kwenye mizunguko inayoipendelea hata kama mwendo wa matairi unabadilika. Dereva mgeni huingiwa na shaka anaposikia injini ikinguruma kwa sauti moja huku mshale wa spidi unapanda, akadhani gia zinateleza. Hazitelezi. Injini imewekwa pale inapofanya kazi kwa gharama ndogo, na mota ndizo zinazoshughulikia tofauti.

Mota hiyohiyo ya kwanza ndiyo inayoiwasha injini, kwa hiyo gari halina stata ya kawaida. Halina altaneta pia: betri ndogo ya volti 12 huchajiwa kwa umeme unaoshushwa kutoka betri kubwa. Hivyo ni vifaa viwili vinavyosumbua magari ya kawaida, ambavyo hapa havipo kabisa.

Injini iliyopunguzwa nguvu makusudi

Jambo ambalo halisemwi sana kwenye yadi ni kwamba injini ya haibridi ni dhaifu, na udhaifu huo umepangwa. Injini ya lita 1.5 ya Vitz hutoa nguvu za farasi 109. Ndugu yake ya lita 1.5 iliyomo kwenye Aqua hutoa 74 tu.

Tofauti iko kwenye vali. Mwaka 1882 Mwingereza James Atkinson alibuni injini ambayo pistoni husukumwa na moto kwa umbali mrefu kuliko ule inaotumia kugandamiza hewa. Toyota hupata matokeo kama hayo kwa kuchelewesha kufunga vali ya kuingizia hewa, ili sehemu ya hewa irudi ilikotoka kabla ya mgandamizo kuanza. Silinda huchoma mafuta kidogo kwa kila mpigo, lakini moto hupata nafasi ndefu ya kuisukuma pistoni kabla haujatolewa kupitia ekzosi. Joto linalotupwa hupungua, na kazi inayopatikana kwa kila tone huongezeka. Injini ya Prius ya mwaka 2009 ilifikia ufanisi wa juu wa asilimia 38.5, na ya kizazi kilichofuata, mwaka 2015, ikafika asilimia 40.

Injini ya namna hii ikiwekwa peke yake kwenye gari la kawaida, dereva angelalamika siku ya kwanza. Ingekuwa nzito kuondoka na ngumu kupita lori. Mota ya umeme ndiyo inayolipa deni hilo. Injini ya petroli huhitaji kupandisha mizunguko kwanza ndipo ivute sawasawa, lakini mota ya umeme hutoa msukumo wake wote tangu tairi linapoanza kuzunguka. Kwenye Prius ya mwaka 2009, injini hutoa msukumo wa newton-mita 142, na mota hutoa 207. Kwa maneno mengine, unapoondoka kwenye taa, anayekuvuta zaidi ni umeme.

Kwa hiyo kubana mafuta na kuongeza nguvu havigombani hapa, vinatokana na mpango mmoja. Injini inaruhusiwa kuwa ndogo na makini kwa sababu mota inabeba zile sekunde chache za kazi nzito.

Ushahidi kutoka viwanja vya mbio

Asiyeamini kwamba haibridi ina mbio atazame mashindano. Mwaka 2012 Audi R18 e-tron quattro ilikuwa haibridi ya kwanza kushinda Saa 24 za Le Mans nchini Ufaransa. Injini yake ilikuwa ya dizeli, na nishati ya breki haikuhifadhiwa kwenye betri bali kwenye gurudumu dogo lililozunguka kwa kasi kubwa, kisha ikarudishwa kwenye matairi ya mbele wakati wa kutoka kwenye kona. Tangu mwaka huo, kila mshindi wa Le Mans, awe Audi, Porsche, Toyota au Ferrari, ameendesha haibridi.

Formula 1 ilifuata mwaka 2014. Injini za silinda nane za lita 2.4 ziliondolewa, zikaja za silinda sita za lita 1.6 zenye turbo na mifumo ya umeme inayookoa nishati ya breki na ya moshi wa ekzosi. Kila gari likawekewa kikomo cha kilo 100 za mafuta kwa mbio nzima. Mwaka 2017 Mercedes ilitangaza kwamba injini yake imevuka ufanisi wa asilimia 50 kwenye mashine ya majaribio, kiwango ambacho gari la kawaida la petroli haliwezi hata kukikaribia.

Manufaa ya somo hilo yameshafika barabarani. Prius mpya iliyozinduliwa Japani mwishoni mwa mwaka 2022, yenye injini ya lita 2.0, ina nguvu za farasi 196, wakati iliyotangulia ilikuwa na 122, na ulaji wa mafuta haukupanda.

Mjini na safari ndefu

Vipimo vya serikali ya Marekani vinasaidia kuona faida iko wapi hasa. Aqua, ambayo huko iliuzwa kwa jina la Prius c, ilipimwa mwaka 2012 na kupata takriban kilomita 22.5 kwa lita mjini na 19.6 kwenye barabara kuu. Yaris ya otomatiki ya mwaka huohuo, ambayo sisi tunaijua kama Vitz, ilipata kama kilomita 12.7 mjini na 14.9 kwenye barabara kuu.

Zitazame namba hizo vizuri. Gari la kawaida huumia mjini na kupata nafuu kwenye barabara kuu. Haibridi ni kinyume chake: mjini ndiko nyumbani kwake, kwa sababu ndiko kwenye breki nyingi za kuokotea nishati na muda mwingi wa kuzima injini. Mtu anayeendesha kilomita 1,000 za mjini kwa mwezi angetumia karibu lita 79 kwa Vitz na lita 44 kwa Aqua. Ni lita 34 au 35 zilizookolewa. Zizidishe kwa bei kikomo ya mwezi huu inayotangazwa na EWURA kwa Tanzania au EPRA kwa Kenya, utapata fedha zako. Barabara zetu na hali ya gari la mtumba zitapunguza namba hizo, lakini pengo kati ya magari hayo mawili hubaki.

Safarini pengo hupungua. Dereva wa Dar es Salaam kwenda Dodoma akishika mwendo mmoja kwa saa nyingi, hapati breki za kumlisha. Na kwenye mteremko mrefu kama wa Kitonga mkoani Iringa, betri ndogo hujaa mapema, na hapo mota haina pa kupeleka umeme. Dereva asitegemee breki za miguu peke yake mpaka chini. Aweke gia kwenye herufi B, ili injini izungushwe bila mafuta na kulishikilia gari. Wengi wanamiliki magari haya miaka na miaka bila kujua kazi ya herufi hiyo.

Ijulikane pia kwamba haibridi si za aina moja. Nissan Note e-Power, iliyotoka Japani mwaka 2016, huitumia injini kuzalisha umeme tu, na matairi huzungushwa na mota peke yake. Ni tamu sana mjini, lakini kwenye mwendo mkali wa safari ndefu nishati hulazimika kupita njia ndefu, kutoka injini hadi umeme hadi matairi, na faida yake hushuka.

Kabla hujatoa fedha

Hofu kubwa ya wanunuzi ni betri, na hofu hiyo ina msingi. Betri ya Aqua zinazoingia kwa wingi ina moduli 20 zilizoungwa moja baada ya nyingine, jumla volti 144. Moja ikichoka, zote huvutwa chini. Kubadilisha moduli moja iliyokufa na kuziacha 19 zenye umri uleule mara nyingi huwa ni kuahirisha tatizo.

Hata hivyo betri nyingi haziuawi na umri peke yake. Zinauawa na joto. Karibu na kiti cha nyuma kuna tundu lenye matundu madogo ambalo feni huvutia hewa ya kuipoza betri. Mifuko ikiwekwa pale, au vumbi na nywele zikiziba kichujio, betri hupikika polepole. Kusafisha tundu hilo ni kazi ndogo sana, lakini mafundi wengi hawaigusi kwa kuwa hawajui ipo.

Kwa hiyo, mnunuzi, usiridhike na rangi inayong'aa. Dai gari lipimwe kwa mashine inayosoma mfumo wa haibridi, uone kama volti za sehemu zote za betri zinalingana gari likiwa na mzigo. Angalia maji ya kupozea inveta (kifaa kinachobadilisha umeme wa betri ili uendeshe mota), ambayo yana tangi lake mbali na lile la rejeta. Liendeshe kwenye foleni, usilizungushe uani tu. Na nyaya za rangi ya chungwa asiziguse mtu ambaye hakufundishwa. Zina umeme wa kuua. Fundi mwenye ujuzi huvaa kwanza glavu za mpira, akachomoa plagi ya usalama, akasubiri dakika 10 umeme uliobaki kwenye inveta uishe, ndipo ashike bisibisi.

Mafundi wa namna hiyo bado ni wachache kuliko magari tunayoyashusha bandarini. VETA kwa upande wa Tanzania na vyuo vya ufundi vya Kenya vinapaswa kulifanya somo hili kuwa la lazima kwa kila fundi wa magari anayehitimu, si kozi ya pembeni ya wachache. Bila hivyo, gari lililoundwa kumwokolea mtu mafuta litaishia kummaliza kwa matengenezo ya kubahatisha.

Kwa mwenye kushinda mjini, awe dereva wa teksi ya mtandaoni au mzazi wa kupeleka watoto shule na kurudi, haibridi yenye betri nzima ni ununuzi wa busara kuliko gari la kawaida la ukubwa uleule. Kwa mwenye kusafiri mikoani kila wiki na asiye na fundi anayemwamini karibu, faida ni ndogo na afikirie mara mbili. Kwa wote wawili neno ni moja: pima betri kwanza, ndipo ulipe.